Blandina na Hesabu ya Mikunjo

Meza ya kukatia ilikuwa karibu na dirisha, na yeyote aliyepita mtaa ule wa Soweto, Mbeya, alimwona Blandina akiwa wima. Mafundi wana viti vyao nyuma ya cherehani, Mama Juzer ana stuli yake kaunta, lakini mkataji anasimama tangu duka linafunguliwa. Anatandaza kitambaa, anakikunja, anapiga pasi kwenye mikunjo mpaka mistari inakaa, anakikunjua, halafu anakata kwa kufuata mistari ileile. Hivyo ndivyo Mama Juzer alivyomfundisha. Chaki inachafua, mkunjo hauchafui.

Huyo Mama Juzer, mwenye duka hilo la ushonaji, jina lake hasa ni Sakerbanu, ila jina hilo utalisikia kwa ndugu zake tu. Mtaa mzima unamwita kwa jina la mwanawe, ingawa Juzer mwenyewe alishahamia Dar zamani na ana duka lake huko. Mama mtu naye kila mfanyakazi humwita beta, 'mwanangu' kwa Kigujarati.

Blandina ni Mhehe, mzaliwa wa vijiji vya juu vya Iringa. Alimaliza darasa la saba akachaguliwa kuendelea na sekondari, lakini mwaka huohuo baba yake akafariki, mama akabaki na wadogo wanne, na habari ya sekondari ikaishia pale. Hakumlaumu mtu. Alikuja Mbeya kwa shangazi, akaolewa na Asukile, Mnyakyusa, utingo wa malori, wakapanga chumba Ilomba, wakapata binti yao Atupele. Lakini kila Januari, msimu wa sare, akikata sketi za bluu za watoto wa watu, mkono wake ulikuwa unapunguza mwendo bila yeye kuuambia.

Alichotaka ni kufundisha chekechea. Alikuwa na namna ya kuongea na watoto wadogo, hata wale wanaoletwa dukani kupimwa sare wakilia, kwake walinyamaza. Ila siku hizi huwezi kushika chaki bila cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo alijiandikisha kwenye kituo cha watu wazima pale Ilomba, darasa la kuazima, jioni wanafunzi wa kawaida wakishatoka. Walikuwa wanajiandaa na mtihani wa QT, ule ambao aliyekosa sekondari akiufaulu anaruhusiwa kwenda kufanya wa kidato cha nne. Kiswahili kilimpenda, historia aliimeza, Kiingereza walikuwa wanaelewana kidogokidogo. Hisabati ndiyo iliyomkalia kooni, na ndani ya hisabati, vipeo.

Kipeo ni ile namba ndogo inayokaa juu, begani kwa namba kubwa, kama mtoto aliyebebwa. Mbili iliyobeba tatu si mbili mara tatu. Ni mbili mara mbili mara mbili, yaani nane. Hapo Blandina hakuwa na tatizo. Tatizo lilianza namba mbili zilizobeba watoto zilipokutana.

Kwenye jaribio la kwanza alianguka. Mwalimu Sosthenes, mrefu, mpole, mwenye sweta moja la kijivu la masika na kiangazi, alimrudishia karatasi bila maneno mengi.

"Mama Atupele, wiki hii fanya vipeo tu. Jumamosi kuna jaribio la mwisho. Atakayepata chini ya nusu, jina lake silipeleki kwenye QT mwaka huu. Si kwamba nakukomoa. Kituo nacho kinaangaliwa."

"Nimeelewa, mwalimu."

Alichoelewa kilikuwa kikubwa kuliko mwalimu alivyojua. Tajiri wa Asukile alikuwa amehamishia malori yake Iringa mjini, na Asukile alishapata chumba huko. Mwisho wa mwezi ilikuwa wahame wote. Walikaa wakaongea, wakakubaliana hivi: kama jina la Blandina litapelekwa, yeye na mtoto watabaki Mbeya mpaka mtihani upite, Asukile atatangulia. Lisipopelekwa, wanafunga vitu, wanaondoka, na habari ya shule haitaongelewa tena mpaka watoto wakue. Asukile hakuisema kwa ukali. Aliisema huku anamlisha Atupele uji, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kumbishia.

Asubuhi iliyofuata Blandina alifika kazini mapema. Fundi Danieli, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake anatia uzi. Danieli akitaka kumchokoza humsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, profesa."

"Kamwene. Leo niache."

"Wamekufelisha."

"Nani kakwambia?"

"Uso. Shika mkasi vizuri, unaikata hiyo sare kama ndani yake yupo mwalimu."

Blandina alicheka bila kutaka. Danieli akaendelea, sasa kwa upole kidogo, "Hiyo kitu inayokusumbua ni kitu gani hasa?"

Akamweleza habari ya namba kubwa na namba ndogo begani. Danieli alisikiliza huku mguu wake unakanyaga cherehani.

"Sasa kanamba kadogo hivyo kanamsumbua mama mzima."

"Kakiwa peke yake hakanisumbui. Tukafundishwa, namba zikizidishwa, jumlisha vipeo. Nikajumlisha. Pengine napata vema, pengine napata kosa. Nimekariri mpaka nikaota, fundi. Jumlisha vipeo, jumlisha vipeo."

"Labda mwalimu anasahihisha akiwa na njaa."

"Labda."

Na kweli moyoni alishaanza kufikiri hivyo. Si njaa, lakini kwamba pengine kwa watu waliochelewa kama yeye mwalimu hatazami sana. Lilikuwa wazo baya, akalifukuza, likarudi.

Katikati ya wiki ikaja kazi ya kwaya. Kwaya moja ya Ilomba ilikuwa inarekodi video, wanakwaya wakataka vitambaa vya shingoni, zambarau, vya mraba, thelathini na viwili. Mama Juzer alikitua kitambaa mezani, kipande kimoja kirefu, chepesi, kinateleza.

"Blandina beta, thelathini na mbili, vyote sawasawa. Nimepima mwenyewe. Kinatosha kabisa, hakuna cha kubaki wala cha kupungua."

"Haya, mama. Mikunjo mitano tu."

Mama Juzer alimtazama juu ya miwani. "Umejuaje haraka hivyo?"

"Ukikunja nusu unapata mbili. Tena nusu, nne. Nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mbili yenye kipeo cha tano."

"Shule hiyo," alisema Fundi Danieli kutoka kwenye cherehani, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo ingawa alijitahidi kuificha.

Blandina akatandaza. Alianza kwa urefu: nusu, nusu, nusu. Mikunjo mitatu. Kitambaa kikawa kifupi na kizito, kimebaki upana wake. Ilibaki mikunjo miwili. Na hapo ndipo akili yake ilipoondoka pale mezani ikaenda Jumamosi. Aliwaza Asukile akifunga godoro kwa kamba. Aliwaza Atupele akisahau sura ya baba yake, maana mtoto wa umri ule anasahau upesi. Mikono, ikiwa imeachwa peke yake, ikafanya ilivyolelewa. Kwao Iringa mama yake alikuwa na sanduku jembamba la mbao, na blanketi haziingii mle ukizikunja nusu. Unaikunja theluthi, upande huu unakuja katikati, upande ule unaufunika, na ukimaliza unaikunja theluthi tena. Mtoto wa nyumba ile alijua kukunja hivyo kabla hajajua kusoma. Blandina akakunja theluthi, akakunja theluthi tena, akapiga pasi, akanyunyiza maji, akapiga tena mpaka mvuke ukapanda.

Akahesabu kwa mdomo: tatu, na mbili, tano. Akakunjua.

Mistari ilikuwa imekaa vizuri mno. Ila vilivyokuwa katikati ya mistari havikuwa vitambaa vya shingoni. Vilikuwa vipande vyembamba, kama riboni za kufungia zawadi.

Danieli alisimama aone. "Hii ni kwaya ya nani, ya vifaranga?"

Blandina aliinama mezani. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mistari kana kwamba akihesabu tena vitanenepa. Mama Juzer alishuka kwenye stuli, akaja, akaangalia. Blandina alingoja kugombezwa. Angalau mkasi ulikuwa bado haujagusa kitu.

"Ulikunja mara ngapi?" Mama Juzer aliuliza.

"Tano, mama. Naapa ni tano."

"Tano zipi?"

"Tatu za nusu," alisema Blandina, "na mbili za..." Akasimama hapo. Akatazama mikono yake. "Mbili za theluthi."

"Sasa hizo unaziitaje tano? Mimi mambo ya shule yenu siyajui, lakini mkunjo wa mbili na mkunjo wa tatu haikai kwenye hesabu moja. Ukiniambia umekunja mara tano, nitauliza tano za nini. Zikiwa zote za nusu, sawa, jumlisha. Hizi zako umechanganya."

Walihesabu pamoja. Kwa urefu, vipande vinane. Kwa upana, tisa. Nane mara tisa, sabini na mbili.

Blandina aliweka pasi chini akaenda kwenye mkoba wake, akatoa karatasi ya jaribio, ile iliyojaa wino mwekundu. Alikuwa hajaitazama tangu arudishiwe, maana inauma. Swali la nne lilikuwa mbili yenye kipeo cha tatu, mara tatu yenye kipeo cha pili. Yeye alikuwa ameandika sita yenye kipeo cha tano. Alijumlisha vipeo, kama alivyokariri, na mwalimu akampiga kosa kubwa la mshazari. Sita yenye kipeo cha tano ni maelfu. Na jibu lenyewe lilikuwa limelala mezani mbele yake, la zambarau. Nane mara tisa.

"Fundi," alisema, "mwalimu hakuwa na njaa."

"Alikuwa ameshiba?"

"Alisema maneno mengi kuliko niliyoyachukua. Alisema, 'Vizio vikifanana, jumlisha vipeo.' Kizio ni ile namba kubwa ya chini. Mimi nilibeba ile ya mwisho, ya mwanzo nikaiacha darasani."

Danieli akacheka, na safari hii Blandina akacheka naye, machozi yakamtoka kidogo, akayafuta kwa kiganja kabla hayajadondokea kitambaa cha kwaya.

Ikabidi mistari yote ifutwe kwa pasi ndipo aanze upya. Lakini kabla ya kuifuta akakikunja kama kilivyokuwa, akakikunjua polepole, safari hii macho yameungana na mikono. Alipofungua theluthi ya kwanza, tabaka sabini na mbili zikawa ishirini na nne. Akafungua ya pili, zikabaki nane, mikunjo mitatu mitupu ya nusu. Akafungua mmoja, nne. Kila mkunjo ukifunguliwa ni kugawanya, na kwenye hesabu ya mikunjo unatoa mmoja. Hilo nalo mwalimu alilisema, ukigawanya, toa vipeo, na yeye alilikariri kama anwani ya mtu asiyemjua. Akafungua mwingine, mbili. Akafungua wa mwisho, kitambaa kikalala chote mezani kinang'aa.

"Haya, sasa mikunjo imekuwa sifuri," Danieli alimtania. "Umerudi ulikotoka. Huna kitu."

"Sifuri ni mikunjo," Blandina alimjibu bila kufikiri. "Kitambaa ni kimoja."

Halafu akasikia alichosema. Kwenye karatasi palikuwa na swali la tano yenye kipeo cha sifuri, naye aliandika sifuri, na alipoona kosa alikasirika kuliko kosa lolote, kwa sababu mtu aliyebeba sifuri anapataje moja? Sasa alikuwa anakiona. Nusu au theluthi au vipande vitano, vyovyote utakavyopanga kukunja, kama hujakunja hata mara moja, kitambaa kiko pale, kimoja, hakijaenda popote.

Mama Juzer alikuwa amesharudi kwenye stuli yake. "Beta, ukimaliza kuongea nacho, kikunje," alisema. "Kwaya inakuja kesho."

Siku zilizobaki alikunja kila kitu. Nepi za Atupele, khanga, mfuko wa sukari ulioisha. Alikunja mara tatu, akaona kazi hiyohiyo ya mara tatu akiirudia inakuwa mikunjo sita, si mitano, akaelewa ile habari ya kipeo juu ya kipeo, kwamba hapo ndipo vipeo vyenyewe vinapozidishwa. Asukile, ambaye wiki hiyo alikuwa nyumbani kusubiri zamu, alimtazama akikunja taulo.

"Mama Atupele, hilo taulo limekukosea nini?"

"Nipe huo mto."

"Mto sikupi. Utaukunja mpaka uishe."

Lakini alimchukua mtoto akatoka naye nje, akakaa naye barazani jioni nzima, na Blandina alijua kwamba kwa kufanya vile alikuwa anamsaidia kupata kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitaka sana.

Jumamosi Asukile alikuwa tayari njiani na lori. Blandina alimwacha Atupele kwa jirani akaenda. Darasa lilikuwa na baridi, madawati ya watoto, magoti yanagonga ubao. Mwalimu Sosthenes aliandika maswali ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala.

Swali la pili lilikuwa mtego. Tano yenye kipeo cha pili, mara mbili yenye kipeo cha tatu. Mkono wa zamani ulitaka kujumlisha, ukawa umeshagusa karatasi. Blandina akauzuia. Hivi vinakunjwa tofauti. Akaandika ishirini na tano mara nane, mia mbili. La sifuri akaandika moja, akapiga mstari chini yake, mstari ambao haukuombwa. La kipeo juu ya kipeo akazidisha. Kisha akafika kwenye swali la nane, mbili iliyobeba hasi moja, na pale akakwama. Mikunjo hasi ni mikunjo gani? Alijaribu kukifungua kitambaa ambacho kimeshafunguliwa chote, akabaki ameshika hewa. Akaandika hasi mbili, akajua sio, akaendelea. Maswali ya umri wa baba na mtoto, ambayo hayakuwa na uhusiano na vipeo, yalimshinda mawili kati ya matatu.

Walingoja nje wakati mwalimu anasahihisha. Mwanamume mmoja muuza vocha alisema yeye akikosa anakwenda kuchimba dhahabu Chunya, na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuonekana anatania. Mwalimu akaanza kuita mmoja mmoja.

"Mama Atupele. Kaa."

Akakaa.

"Hii mia mbili, wiki iliyopita ungeiandika vingine."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani kakufundisha?"

Blandina alifikiri aanzie wapi, kwa kwaya, au kwa Mama Juzer, au kwa sanduku la mama yake. "Wewe ulinifundisha," alisema. "Mimi nilichelewa kusikia."

Mwalimu Sosthenes alitabasamu, akamgeuzia karatasi. Ilikuwa nusu na alama tatu juu. "Ya umri bado umelala. Tutaifanya. Hii ya hasi moja ulikuwa unakaribia au ulikuwa unabahatisha?"

"Nilibahatisha."

"Basi njoo Jumatatu nikuoneshe. Jina lako linakwenda."

Alisema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akatoka. Alipofika chini ya ukuta wa shule, pasipo na watu, alimpigia Asukile. Simu ililia sana. Ilipopokelewa palikuwa na ngurumo nyuma yake na watu wanapiga kelele za kushusha magunia.

"Uko wapi?"

"Makambako. Tunashusha. Enhe?"

"Limepita."

Blandina alisikia mtu akimwita Asukile, na Asukile akimwambia mtu huyo angoje.

"Limepita," akarudia Asukile. "Haya. Basi nitafunga godoro dogo peke yake. Kitanda bakini nacho, na jiko la gesi. Mimi Iringa nitakula mgahawani."

"Asukile."

"Nipo."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nina huzuni tu, hiyo ni kitu nyingine." Akakohoa. "Nitakuwa napita. Lori lenyewe njia yake ni hiyohiyo. Atupele utamwonesha picha yangu?"

"Kila siku."

"Ulipata yote?"

"Nimekosa. Za umri wa baba na mtoto, na ya kipeo moja."

"Ya kipeo umekosa? Wewe uliyemaliza mataulo?"

"Ilikuwa na hasi. Mpaka sasa sijui ni kitu gani."

Asukile aliwaambia tena wale watu wangoje, na safari hii aliwaambia kwa Kinyakyusa, lugha yake ya mambo mazito, kwa hiyo hakuwa anatania. Sauti ikawa tulivu kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye kabini ya lori akafunga mlango.

"Nisomee hilo swali," alisema. "Magunia bado mengi."